Maswali na Majibu: Mchoro Unaosomeka Mchoraji Asipokuwepo

Barua nyingi zilizoifikia safu hii hivi karibuni zimetoka kwa walimu na wanafunzi wa teknolojia ya maonyesho ya jukwaani, yaani wale wanaojifunza kazi ya taa, sauti, skrini na uningʼinizaji wa mitambo katika matamasha, maigizo na makongamano. Tumechagua zile zinazouliza namna ya kumfundisha fundi kueleza anachokibuni, kwa mchoro, kwa maandishi na kwa mdomo, na namna ya kumzoeza mwenendo wa kikazi.

Swali: Ninafundisha somo la mawasiliano ya usanifu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Michoro yao inapendeza, rangi zimepangwa vizuri na picha zao za kompyuta zinavutia, lakini tunapoingia ukumbini kufunga taa, kila mmoja hulazimika kusimama kando ya mchoro wake akijibu maswali ya wenzake mpaka kazi iishe. Nimewapa alama nzuri kwenye karatasi, kisha ukumbi unanisuta. Nianzie wapi kurekebisha?
*Mwalimu wa chuo cha ufundi*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, anza kwa kumwondoa mchoraji. Ligawe darasa katika makundi, na kila kundi lichore mpango wa jukwaa dogo lenye bomba moja la taa sita, spika mbili na meza ya msemaji. Kisha michoro ibadilishwe, kila kundi lijenge kazi ya kundi jingine, na wachoraji wakae pembeni na daftari bila ruhusa ya kutamka neno. Kazi yao ni kuandika kila swali wanalolisikia kwa wajenzi, na orodha hiyo ya maswali ndiyo itakayokuwa karatasi yako ya kusahihishia. Mchoro uliozaa maswali ishirini, hata ungekuwa mzuri kiasi gani, haujafanya kazi iliyoufanya uchorwe.

Utaona kwamba maswali hayo yanafanana kutoka kundi hadi kundi. Umbali huu umepimwa kutoka wapi? Huo urefu wa kwenda juu unaanzia sakafu ya jukwaa au sakafu ya ukumbi, na unaishia kwenye bomba au kwenye lenzi ya taa inayoningʼinia chini yake? Kushoto ni kwa nani, kwa msanii anayewatazama watazamaji au kwa mtazamaji aliyekaa kitini? Ndiyo maana mchoro wa juu, yaani ule unaoonyesha jukwaa kana kwamba unalitazama kutoka darini, unapaswa kuwa na mstari wa kati wa jukwaa na mstari wa pili unaoukata kwa pembe mraba karibu na ukingo wa mbele, ili vipimo vyote vihesabiwe kutoka kwenye mistari hiyo miwili. Kwa desturi ya maigizo, kushoto na kulia ni vya msanii, na si vibaya neno hilo kuandikwa waziwazi pembeni mwa mchoro kwa ajili ya mgeni.

Suala la skeli, yaani uwiano kati ya vipimo vya mchoro na vya kitu halisi, linahitaji kipindi chake. Kwa skeli ya 1:50, jukwaa lenye upana wa mita 12 huwa sentimita 24 kwenye karatasi, kwa hiyo linatosha vizuri kwenye karatasi ya A3 yenye upana wa milimita 420. Lakini mwanafunzi akiutuma mchoro huo kwa mtu mwenye printa ya A4, na printa ikaupunguza ili uenee, skeli inageuka kuwa takriban 1:71, ilhali maandishi ya pembeni bado yanasema 1:50. Fundi atakayeweka rula na kupata sentimita 10 ataamini kuwa ni mita 5, kumbe mchoraji alikusudia zaidi ya mita 7. Dawa ni kuchora ndani ya mchoro kipande cha rula chenye alama za mita, kwa sababu hicho hupungua pamoja na mchoro na hakisemi uongo, pamoja na kuandika vipimo muhimu kwa tarakimu. Wape wanafunzi wako karatasi mbili za mchoro uleule, moja ikiwa imepunguzwa, na uwaache wagundue wenyewe kwa nini majibu yao hayalingani.

Mchoro wa mkato, ule unaolionyesha jukwaa kutoka ubavuni kana kwamba jengo limepasuliwa katikati, huchelewa mno kufundishwa katika vyuo vingi, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mchoro wa juu hauwezi kukuambia kama mwanga utagonga pazia kabla ya kumfikia msanii, wala kama mtazamaji wa safu ya nyuma ataona kichwa cha muigizaji aliyesimama juu ya ngazi. Kwenye mkato hesabu hiyo ni nyepesi: taa ikiwa mita 5 juu ya sakafu ya jukwaa na uso wa msanii ukiwa mita 1.6, tofauti ni mita 3.4, na ukitaka mwanga uteremke kwa nyuzi 45, taa hiyo ikae mita 3.4 mbele ya msanii. Mwanafunzi aliyewahi kuichora pembe hiyo kwa mkono wake haningʼinizi tena taa kwa kukisia.

Kisanduku cha utambulisho kwenye kona ya karatasi nacho kisidharauliwe. Jina la kazi, jina la ukumbi, skeli, tarehe, jina la mchoraji na namba ya toleo ni mambo sita yanayoandikwa kwa dakika moja na kuokoa asubuhi nzima. Marufuku majina ya faili kama "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa", maana kila aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba baada ya "ya mwisho kabisa" kuna nyingine inakuja. Namba ya toleo iongezeke kila mchoro unapotoka mikononi mwa mchoraji, na badiliko lililofanywa lielezwe kwa sentensi moja.

Hizo picha za kompyuta zinazovutia usiziondoe. Zina msomaji wake, naye ni mwongozaji au mteja anayetaka kujua onyesho litahisije. Mfunga taa hana la kufanya na picha hiyo; anahitaji alama za taa zilizochorwa kwa mistari minene kuliko kuta za jengo, ufunguo wa alama hizo, na namba kando ya kila taa. Wanafunzi wakizoea kuuliza karatasi hii inakwenda mkononi mwa nani na atafanya nini nayo, nusu ya mabishano kuhusu urembo yatajimaliza yenyewe.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa usanifu wa taa, si mhandisi. Mwalimu wetu anatutaka tuandike kwenye michoro yetu uzito wa kila kifaa na mzigo unaobebwa na kila mahali pa kuningʼinizia, tena na majedwali ya namba za taa zote. Naona tunafanyishwa kazi ya watu wengine. Kwa nini nisichore ubunifu wangu na hesabu niwaachie wenyewe?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Jibu: Ndugu mwanafunzi, una haki kwa nusu. Si kazi yako kuidhinisha kwamba dari la ukumbi litabeba mzigo. Hiyo ni kazi ya mhandisi mwenye sifa, na usiwahi kukubali kuifanya hata ukibembelezwa. Lakini mhandisi huyo atahesabu kutoka kwa namba ulizompa wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayejua umeweka taa gani na wapi.

Chukua mfano wa trasi, ule mhimili wa mabomba ya alumini, yenye mzigo wa kilo 600 uliosambaa sawasawa na kuningʼinizwa kwa winchi tatu, mbili kwenye ncha na moja katikati. Wengi hugawa kwa tatu na kupata kilo 200 kila winchi, kisha huagiza winchi za kilo 250 wakiamini wameacha nafasi. Sivyo mzigo unavyogawanyika. Trasi ikiwa ni moja isiyokatika na mahali pote patatu pako kwenye usawa mmoja, winchi ya katikati hubeba sehemu tano kati ya nane za mzigo wote, yaani kilo 375, na kila ya ncha hubeba kilo 112.5 tu. Tena winchi ya katikati ikivutwa juu kidogo kuliko zile nyingine, inazidi kujitwika mzigo wa wenzake. Sasa fikiri kwamba ulikuwa na taa nane nzito, ukazisogeza zote karibu na katikati kwa sababu za kisanii halali kabisa, na hukumwambia mtu. Mabadiliko hayo kwako ni ya mwanga. Kwa mningʼinizaji ni ya uzito.

Kuhusu majedwali, angalia kinachotokea taa zinapopewa anwani. Mfumo wa DMX512 wa kuendeshea taa, uliotokana na kazi ya USITT, chama cha teknolojia ya maonyesho ya jukwaani cha Marekani, mwaka 1986, hupeleka maagizo kwa taa kwenye chaneli 512 kwa kila mkondo. Taa zinazozunguka zikiwekwa kwenye hali ya chaneli 16, yaani kila moja ikisoma chaneli 16 kuanzia anwani yake, ya kwanza huanza kwenye anwani 1, ya pili 17, ya tatu 33, na taa 32 hujaza mkondo mmoja bila kubakiza kitu. Jedwali lako lisipotaja hali hiyo, na fundi akaiacha taa ya kwanza kwenye hali ya chaneli 24, taa hiyo itasoma pia chaneli za 17 hadi 24, ambazo ni za jirani yake. Ukiiagiza ya pili igeuke, ya kwanza nayo inabadilika rangi au inawaka na kuzima, na mafundi wanaanza kufungua nyaya zisizo na hatia. Safu moja katika jedwali, yenye neno "hali" na tarakimu 16, ingeyazuia yote hayo. Hiyo nayo ni sehemu ya ubunifu wako, kwa kuwa bila hiyo ubunifu huo hautaonekana jinsi ulivyouwaza.

Swali: Je, tuendelee kuwafundisha wanafunzi kuchora kwa penseli na rula, au tuingie moja kwa moja kwenye kompyuta?
*Mkuu wa idara*

Jibu: Mheshimiwa Mkuu, penseli kwa wiki chache za mwanzo, kisha kompyuta kwa muda wote uliobaki. Programu kama Vectorworks na AutoCAD ndizo watakazozikuta kazini, na hakuna sababu ya kuwacheleweshea. Penseli ina faida moja ambayo kompyuta haina: mchoraji anachagua skeli kabla ya kuchora mstari wa kwanza, kwa hiyo analazimika kufikiri juu ya ukubwa wa karatasi na wa maandishi. Kwenye skrini mtu huvuta picha karibu apendavyo, akaandika herufi ambazo zikichapishwa hazisomeki hata kwa kioo cha kukuzia. Akishalielewa hilo, penseli imemaliza kazi yake, isipokuwa kwa michoro ya haraka ya mkono wakati wa mazungumzo, ambayo kila msanifu anapaswa kuimudu mpaka astaafu.

Swali: Katika mazoezi ya onyesho letu, wanafunzi wangu wanaovaa vifaa vya mawasiliano vya kichwani wanapiga soga mpaka ishara zinapotea. Kwa upande mwingine nina mwanafunzi mmoja makini sana, ambaye aliona mnyororo umekaa vibaya lakini hakusema chochote kwa sababu anayesimamia ningʼinizo ni mkubwa wake. Wengi wanasema mno na mmoja hasemi kabisa. Nifanyeje?
*Mwalimu wa usimamizi wa jukwaa*

Jibu: Mwalimu, matatizo hayo mawili yana tiba moja, nayo ni kuyapa mazungumzo umbo linalojulikana na wote. Msimamizi wa jukwaa anapoita ishara, yaani amri ya kubadili taa, sauti au kitu kingine kwa wakati wake, kwanza hutoa tahadhari kwa idara na namba, mwendeshaji hujibu kwamba yuko tayari, kisha idara na namba hutajwa tena, na neno la kutekeleza huja mwisho kabisa. Mpangilio huo una sababu: mwendeshaji wa taa ameweka kidole kwenye kitufe na anabonyeza anapolisikia neno hilo, hivyo likitangulia namba, anaweza kubonyeza kabla hajajua ni ishara ipi. Kwa sababu hiyohiyo, neno la kutekeleza halitamkwi na mtu yeyote kwenye mawasiliano hayo kwa maana nyingine yoyote, hata kwa utani. Baada ya tahadhari kutolewa, kila mtu hunyamaza mpaka ishara ipite. Wafanyishe zoezi hili wakiwa wameketi darasani bila vifaa, wakisoma karatasi ya ishara kwa sauti huku saa ikikimbia, kabla hujawapeleka jukwaani. Soga haitakwisha yote, lakini itajua muda wake.

Mwanafunzi wako asiyesema anahitaji zaidi ya kutiwa moyo. Ukimwambia tu awe jasiri, umemwachia mzigo peke yake. Darasa zima liwe na kanuni kwamba neno la kusimamisha kazi linaweza kutamkwa na mtu yeyote, awe wa mwaka wa kwanza au msimamizi mkuu, na kwamba likitamkwa kila kitu kinasimama kwanza, maswali baadaye. Kisha kanuni hiyo ifanyiwe mazoezi. Mpe mwanafunzi mmoja kwa siri kazi ya kusimamisha ufungaji wa mitambo kwa sababu ndogo ya kweli, kama kamba ya usalama isiyofungwa kwenye taa, na uwatazame wenzake wanavyomjibu. Ikiwa wa kwanza kumjibu ni mtu anayelalamikia muda, huyo ndiye mwenye somo la siku hiyo.

Jambo hili si la adabu tu. Mwezi Agosti 2011, katika Maonyesho ya Jimbo la Indiana nchini Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la muda la jukwaa la tamasha na watu saba wakafariki. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba muundo wenyewe haukuwa na nguvu ya kutosha dhidi ya upepo, na pia kwamba haikuwa wazi ni nani hasa mwenye mamlaka ya kuahirisha onyesho na kuwaondoa watu. Hilo la pili ndilo lililo mikononi mwetu walimu wa mawasiliano. Watake wanafunzi waandike, kabla ya onyesho lolote la wazi, ukurasa mmoja unaosema ni nani anapima upepo, ni kasi gani inayoanzisha kushushwa kwa mitambo, ni kasi gani inayoondoa watu, nani anatoa amri hiyo, na nani anaitoa mwenye amri asipokuwepo. Kasi zenyewe watazipata kwa mhandisi au kwa mwenye jukwaa, wasijitungie.

Swali: Wenzangu katika idara wanasema mwenendo wa kikazi, kama vile kufika kwa wakati, kuandika barua pepe na kusoma mikataba, haufundishiki darasani, mtu huupata akishaajiriwa. Nami nimeambiwa nitunge somo lake na mtihani wake. Je, nitapima nini, na kazi ya kundi nitaigawaje alama?
*Mhadhiri mpya*

Jibu: Ndugu mhadhiri, siafikiani na wenzako. Wanachosema ni kweli kwa tabia, lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita mwenendo ni ujuzi wa kusoma na kuandika karatasi za aina fulani, na huo unafundishika kama ujuzi mwingine wowote.

Anza na orodha ya mahitaji ya kiufundi inayoambatana na mkataba wa msanii. Kundi la Van Halen la Marekani lilijulikana kwa mkataba wake wa mwaka 1982 uliotaka vyumba vya wasanii viwe na peremende za M&M's bila hata moja ya rangi ya kahawia. Watu waliona ni majivuno. Mwimbaji wake, David Lee Roth, alieleza baadaye kwamba sharti hilo lilikuwa mtego: akiona peremende za kahawia alijua mwandaaji hakuusoma mkataba kwa makini, na hapo aliagiza mitambo yote ikaguliwe upya. Mimi nisingewashauri wanafunzi kutega mitego ya namna hiyo, kwa kuwa mwandaaji aliyechoka anaweza kuondoa peremende na bado asisome ukurasa wa umeme. Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni kwamba hati hizi husomwa vibaya mara nyingi.

Kwa hiyo watungie hati yenye mgongano ndani yake. Kundi la wanamuziki linataka umeme wa fezi tatu wa ampea 63, ilhali maelezo ya ukumbi yanasema upo wa ampea 32 tu. Kwa volti 400, wa kwanza ni takriban kilowati 44 na wa pili kilowati 22, kwa hiyo pengo ni la nusu nzima. Mwanafunzi aligundue pengo hilo peke yake, kisha aandike barua pepe isiyozidi ukurasa mmoja kwa msimamizi wa ukumbi. Barua nzuri itasema kilichoombwa, kilichopo, mapendekezo yake, iwe ni jenereta au kupunguza taa, na siku ambayo jibu linahitajika ili kazi isikwame. Barua mbaya itaanza kwa aya mbili za salamu na kumalizia kwa kuomba "ushirikiano wenu katika suala hili". Adabu ibaki, lakini msomaji alikute ombi kabla ya mstari wa tano.

Upimaji mwingine unaofaa ni ripoti ya onyesho, ile inayoandikwa usiku uleule kabla watu hawajalala. Iseme muda onyesho lilipoanza na kuisha, ishara zilizokosewa, vifaa vilivyoharibika na aliyepewa kazi ya kuvirekebisha, bila kulaumu wala kusifu. Mpe mwanafunzi mwingine ripoti hiyo asubuhi na umtake atengeneze orodha ya kazi za siku kutokana nayo. Asipoweza, alama za mwandishi zipungue.

Kuhusu alama za kundi, nakushauri usitoe alama moja kwa wote. Badilisha majukumu kila kazi mpya, ili anayesimamia jukwaa leo awe mwendeshaji wa sauti kesho, na kila mmoja apimwe kwa hati alizozitia sahihi yake na kwa maelezo mafupi ya waliozitumia hati hizo kazini. Wanaoelewana sana watapeana maksi za upendeleo mara ya kwanza. Watakapojenga jukwaa kwa mchoro wa rafiki waliyemsifu na kujikuta wamefunga bomba kinyume, maelezo ya mara ya pili yatakuwa ya kweli zaidi. Suala la kufika kwa wakati lipime kwa karatasi ya mahudhurio iliyo mlangoni, yenye saa ya kuitwa kazini iliyotangazwa siku iliyotangulia. Hilo halihitaji nadharia.